Duara Tupu Kwenye Sahani: Majibu kwa Wasomaji Kuhusu Dawa za Porini

Barua nyingi zilizotufikia kutoka Mbeya, Iringa na Njombe zinahusu mimea ya porini ambayo watu husikia kwamba imepimwa maabara na kuonekana inaua bakteria, au ina antioksidanti nyingi. Tumechagua tano. Majina ya waandishi tumeyahifadhi, na barua ndefu tumezifupisha.

Marehemu mama yangu alikuwa akitukamulia majani ya kishonanguo kwenye jeraha kila tulipojikata shambani. Juzi nimesikia redioni kwamba watafiti wamethibitisha kuwa mmea huo unaua bakteria. Je, niendelee kuutumia kwa wanangu?
*Mama wa watoto watatu, Tukuyu*

Dada yangu, mama yako hakuwa akibahatisha. Kishonanguo, ambacho wataalamu wa mimea hukiita Bidens pilosa, na ambacho watu wengi hukichuma kikiwa kichanga wakakipika kama mboga, kina flavonoidi pamoja na kundi la kemikali ziitwazo poliasetilini, na zote hizo zimeonekana maabara zikizuia bakteria na kuvu kukua. Mojawapo ya poliasetilini hizo, fenilheptatriini, ina tabia ya kushangaza kidogo: nguvu yake dhidi ya vijidudu huongezeka sana inapopigwa na mwanga wa jua.

Hata hivyo, inafaa ujue ni nini hasa kilichofanyika kabla habari haijafika redioni. Kwa kawaida majani hukaushwa kivulini, hutwangwa yakawa unga, na unga huo hulowekwa kwenye kiyeyushi kama vile methanoli kwa siku moja au zaidi. Kisha huchujwa, kiyeyushi huvukizwa kwa joto la chini, na kinachobaki chini ya chupa ni ute mzito wa kijani unaokaribia weusi, unaonata kama ulimbo. Hilo ndilo dondoo. Baada ya hapo mtaalamu huchukua sahani yenye agari, yaani chakula cha bakteria kilichoganda, akaipaka bakteria uso mzima kwa kijiti cha pamba, na juu yake akapanga vipande vya karatasi vya mviringo, vyenye kipenyo cha milimita 6, vilivyodondoshewa dondoo. Sahani hulala kwenye kabati la joto la nyuzi 37 usiku kucha. Asubuhi uso wote huwa umefunikwa na utando hafifu wa bakteria, isipokuwa kandokando ya karatasi ambazo dawa yake imefanya kazi, ambako hubaki duara tupu linalopimwa kwa rula kutoka upande wa nyuma wa sahani.

Duara hilo ni ushahidi wa kweli, nami silidharau. Ila halina damu, halina usaha, halina udongo, wala halina mtoto anayelia na kurusha mguu. Dondoo lililowekwa pale lilikuwa kavu, safi na limekolezwa, ilhali jani ulilolichuma ukingoni mwa shamba huja na vumbi lake, na ndani ya udongo wa shamba zimo spora za Clostridium tetani, bakteria wa pepopunda, ambazo hukaa ardhini miaka mingi bila kufa. Kwa hiyo jeraha lioshwe kwanza kwa maji safi yanayotiririka na sabuni, lifunikwe kwa kitambaa safi, na kama ni la kina, au limesababishwa na jembe, msumari au mwiba, mtoto apelekwe zahanati ili aangaliwe kama anahitaji sindano ya pepopunda. Kwenye jeraha la namna hiyo usikamulie jani lolote, hata lile ambalo redio imelisifu. Mchubuko mdogo wa juu juu hauhitaji dawa zaidi ya maji na sabuni. Kishonanguo kiende jikoni.

Ninauza unga wa majani na magome katika soko la Mwanjelwa. Nimeshauriwa niandike kwenye pakiti kwamba unga wangu una antioksidanti nyingi na unazuia saratani. Nina karatasi ya kipimo inayoonyesha namba 18, na unga wa mwenzangu umepata 60, naye anasema amenishinda. Nani kashinda?
*Mfanyabiashara, Mbeya mjini*

Ndugu yangu, umeshinda wewe, ikiwa vipimo vyote viwili vimefanywa kwa njia moja na kwa kipimio kimoja. Namba hiyo, kwa kadiri ulivyoieleza, ni kiasi cha dondoo, kwa mikrogramu katika kila mililita, kinachotosha kuzima nusu ya kemikali iitwayo DPPH. Kadiri namba inavyokuwa ndogo ndivyo dondoo lilivyo na nguvu, kwa sababu limehitajika kidogo zaidi. Wauzaji wengi husoma karatasi hizi kichwa chini miguu juu, na mwenzako si wa kwanza.

DPPH ni unga ambao ukiyeyushwa hutoa rangi ya zambarau iliyoiva. Kila molekuli yake ina elektroni moja isiyo na mwenza, na kwa hiyo inatamani kupokea hidrojeni kutoka kwa yeyote aliye tayari kuitoa. Ukiitilia dondoo lenye fenoli nyingi, yaani kemikali za mimea zinazotoa hidrojeni kwa urahisi, na kuiacha gizani kwa nusu saa, zambarau hufifia ikawa njano, na mashine hupima kiasi cha rangi kilichopotea kwa kutumia mwanga wa nanomita 517. Mwilini nako huzalishwa molekuli zenye kasoro kama hiyo pale seli zinapotumia oksijeni kupata nguvu kutoka kwenye chakula, nazo zikizidi huharibu mafuta ya utando wa seli, protini na hata DNA. Antioksidanti ni kemikali inayotoa elektroni au hidrojeni yake bila yenyewe kugeuka hatari, na mimea huzitengeneza kwa wingi kwa sababu hushinda juani siku nzima bila kivuli.

Sasa tatizo la pakiti yako. DPPH haipatikani katika mwili wa binadamu popote, na chupa haina utumbo wala ini. Fenoli nyingi za mimea hufyonzwa kwa shida, na kile kidogo kinachofika kwenye damu hubadilishwa haraka na ini na kutolewa kwa mkojo, hivi kwamba kiwango kinachozunguka mwilini huwa chini mno kulinganisha na kile kilichofifisha zambarau. Isitoshe, chai ya rangi kutoka mashamba ya Mufindi au Rungwe, ukiiweka katika kipimo hikihiki, hufanya vizuri kiasi cha kuaibisha magome mengi yanayouzwa kwa bei ya juu, na hakuna anayeiandikia kwamba inazuia saratani.

Kuhusu saratani yenyewe, yapo majaribio makubwa yaliyofanywa kwa watu, nayo yanapaswa kutufanya tuwe waangalifu. Nchini Finland wanaume 29,133 waliokuwa wakivuta sigara waligawanywa katika makundi, baadhi wakapewa miligramu 20 za beta-karotini kila siku kwa miaka kati ya mitano na minane, kwa matumaini kwamba antioksidanti hiyo ingewakinga. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1994 yalionyesha kwamba waliopewa beta-karotini walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi kuliko wasiopewa. Jaribio lingine la Marekani lililofanana na hilo lilisimamishwa mwaka 1996 kabla ya muda wake kwa sababu madhara yalielekea upande uleule. Haina maana kwamba karoti na mchicha ni sumu. Watu walaji wa mboga na matunda kwa kweli huugua kidogo zaidi. Maana yake ni kwamba kemikali iliyotolewa kwenye jani, ikakolezwa na kumezwa kwa wingi, inaweza kutenda kinyume cha ilivyotarajiwa.

Usiandike neno saratani. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 iliunda Baraza linalosajili waganga na dawa zao, na tangazo la dawa nalo linahitaji idhini. Kabla ya yote peleka sampuli kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, ambaye ana ofisi ya kanda hapo Mbeya, ili unga uchunguzwe usalama wake. Kwa mtazamo wangu, mteja anayenunua unga wa kunywa ana haki ya kujua kwanza kama una madini ya risasi au bakteria wa kinyesi, kabla hajaambiwa habari za antioksidanti.

Shikamoo Mwalimu. Nipo mwaka wa tatu chuoni, hapa Iringa. Nimepima gome la mizizi ya mjafari. Dondoo la maji halikutoa duara lolote. Dondoo la methanoli, la miligramu 50 kwa mililita, nililodondosha mikrolita 20 kwa kila karatasi, lilitoa duara la milimita 14 kwa bakteria Staphylococcus aureus, lakini bakteria mwingine, Escherichia coli, hakutikisika. Mwenzangu ananiambia nihitimishe kwamba waganga wanaochemsha kwa maji wanakosea. Je, niandike hivyo?
*Mwanafunzi, Iringa*

Marahaba, mwanangu. Usiandike hivyo, na nitakueleza kwa kirefu kwa sababu kazi yako ni nzuri na ingekuwa hasara kuiharibia ukurasa wa mwisho.

Kwanza, kukosekana kwa duara hakumaanishi kukosekana kwa dawa. Njia ya karatasi hudai kemikali itoke kwenye karatasi na kusambaa ndani ya agari, na dondoo la maji mara nyingi hujaa tanini na sukari zenye molekuli kubwa ambazo husambaa kwa taabu. Mjafari, Zanthoxylum chalybeum, una alkaloidi za jamii ya benzofenanthridini, kama vile kelerithrini, ambazo zinajulikana kudhuru bakteria, na pombe kama methanoli huzitoa kwenye gome kwa urahisi kuliko maji baridi. Mganga naye hafanyi kama ulivyofanya: huchemsha muda mrefu, humpa mgonjwa kikombe kizima, na pengine humpa kwa homa au maumivu ya tumbo ambayo hayahusiani na bakteria hata kidogo. Hukulipima swali lake. Ulipima la kwako.

Pili, tupige hesabu pamoja. Mikrolita 20 za dondoo lenye miligramu 50 kwa mililita ni miligramu moja kamili juu ya kila karatasi. Karatasi ya gentamaisini, dawa ya hospitali ya kuua bakteria, inayotumika kulinganishia huwa na mikrogramu 10. Kwa hiyo umeweka mara mia moja ya dawa ya kiwandani, ukapata milimita 14, ambazo 6 kati yake ni karatasi yenyewe. Bado ni matokeo yanayofaa kuripotiwa, maana dondoo lako ni mchanganyiko wa kemikali nyingi na huenda ile yenye nguvu ni sehemu ndogo sana, lakini sentensi ya kwamba mjafari unakaribia gentamaisini isionekane popote kwenye ripoti. Hakikisha pia una karatasi iliyodondoshewa methanoli peke yake na kukaushwa, kwa sababu methanoli isiyovukizwa vizuri huua bakteria yenyewe na kukudanganya.

Tatu, kuhusu Escherichia coli. Mwaka 1884 daktari wa Denmark, Hans Christian Gram, alibuni njia ya kupaka rangi inayogawa bakteria wengi katika makundi mawili. Staphylococcus aureus yumo katika kundi linaloshika rangi ya zambarau, lenye ukuta mnene lakini unaopenyeka. Escherichia coli yumo katika kundi la pili, ambalo juu ya ukuta wake mwembamba lina utando mwingine wa nje unaozuia kemikali nyingi za mimea, na lina pampu zinazotapika nje kile kilichofanikiwa kupenya. Ndiyo maana dondoo nyingi za mimea, kutoka Udzungwa hadi Amazon, huishia kuwadhuru wa kundi la kwanza na kushindwa na wale wa kundi la pili. Matokeo yako yako sawa kabisa, wala usirudie kipimo ukitumaini kupata duara.

Kama chuo kina sahani ya vishimo 96, acha rula na upime kiwango cha chini kabisa kinachozuia ukuaji. Jaza vishimo kwa dondoo linalopunguzwa nusu kwa nusu, weka bakteria, subiri usiku kucha, kisha tia rangi ya INT: kishimo chenye bakteria hai hugeuka waridi au chekundu, na kile chenye dondoo kidogo zaidi kati ya vilivyobaki bila rangi ndicho jibu lako. Watafiti wengi huliona dondoo kuwa la kuvutia pale linapozuia chini ya mikrogramu 100 kwa mililita, na wengi hawajishughulishi tena na linalohitaji zaidi ya 1,000. Namba hii unaweza kuilinganisha na ya mtu mwingine. Kipenyo cha duara huwezi, kwa kuwa hutegemea hata unene wa agari uliyomimina.

Kisha liko jambo ambalo ripoti za wanafunzi hulisahau mara nyingi mno. Sabuni ya kufulia inaua Staphylococcus, na hakuna anayeinywa. Bila kipimo cha sumu hujui kama umegundua dawa au umegundua kitu kinachoua kila chenye uhai. Maabara zetu nyingi huanza na vikamba wadogo wa maji ya chumvi, Artemia salina, wanaowekwa kwenye dondoo kwa saa 24 na kuhesabiwa waliokufa. Ni njia rahisi na ya bei nafuu, ingawa si mbadala wa kupima kwenye seli za wanyama au binadamu. Hifadhi pia tawi kavu la mti uliochukua mizizi yake, likiwa na majani na maua au matunda, likiandikwa mahali na tarehe, ili atakayekuja baada yako ajue kwamba ulikuwa mjafari kweli. Na dondoo la methanoli asionjeshwe mtu yeyote, hata kwa mzaha. Methanoli hupofusha macho na huua.

Ninatumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI kwa miaka kadhaa na afya yangu ni nzuri. Jirani ananishauri niongeze chai ya mizizi inayoongeza kinga. Kuna ubaya?
*Msomaji, Makete*

Ndugu yangu, hongera kwa kushika dawa zako. Ubaya upo, na hautokani na mizizi kuwa michafu. Ini lako lina vimeng'enya vinavyovunja dawa, na mimea mingine huviamsha vikafanya kazi kupita kiasi, dawa ikaisha mwilini kabla ya wakati na virusi wakapata nafasi ya kujenga usugu. Mfano unaojulikana sana ni mmea wa Ulaya uitwao Hypericum perforatum, ambao kwa sababu hiyo hauruhusiwi pamoja na dawa kadhaa za kufubaza virusi. Hata vidonge vya kitunguu saumu vilionekana kushusha sana kiwango cha sakwinaviri, mojawapo ya dawa za kufubaza virusi, katika damu. Kitunguu saumu cha kuungia mboga si tatizo. Tatizo ni mizizi usiyoijua, inayonywewa kila siku kwa kikombe. Usiongeze chochote kabla ya kumweleza mhudumu wa kliniki yako, na kama umeshaanza kuinywa mweleze bila kuficha. Kazi yake si kukugombeza. Dawa zako usiziache hata siku moja.

Mimi ni mganga wa tiba asili Kilolo, nilirithi kazi kwa babu. Miti tunayoichuna magome inakwisha, na ile iliyobaki tunaikuta imekauka imesimama. Je, majani hayawezi kufanya kazi ya gome? Na je, ni lazima kuchemsha?
*Mganga, Kilolo*

Shikamoo mzee wangu. Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, kwa sababu maswali yote mawili ni yale ambayo maabara inaweza kukusaidia kwa kweli.

Mti hukauka ukiwa umesimama kwa sababu chakula kinachotengenezwa na majani hushuka kwenda mizizini kupitia tabaka la ndani ya gome. Ukichunwa mzunguko mzima, mizizi hufa njaa hata kama mvua inanyesha. Hilo ndilo lililouponza Prunus africana, mti wa misitu yetu ya milimani ambao gome lake husafirishwa Ulaya kutengenezea dawa za tezi dume, hadi mwaka 1995 ukawekwa chini ya mkataba wa kimataifa wa CITES ili biashara yake idhibitiwe. Anayechuna vipande vya pande mbili zinazotazamana, bila kugusa gome lililobaki na bila kukwangua hadi kwenye mbao, huuachia mti njia ya kujilisha. Anayechuna usiku kwa ajili ya kuuza gunia hafanyi hivyo, na nadhani wewe unawajua zaidi yangu.

Kuhusu majani, jibu hutegemea mti. Upo mfano unaotia moyo kutoka Afrika Kusini, ambako mti wa Warburgia salutaris, ndugu wa Warburgia inayoota Tanzania, ulikuwa ukimalizwa kwa ajili ya gome lake lenye ukali wa pilipili. Watafiti waliyachunguza majani, wakakuta yana kemikali za kundi lilelile ambalo hulipa gome ukali na uwezo wake dhidi ya kuvu na bakteria, wakapendekeza majani yatumike badala ya gome. Kwa miti mingine dawa iko kwenye gome au mizizi tu, na majani hayana kitu, au yana kitu kingine kisichofaa kunywewa. Hili halikisiwi, hupimwa, sehemu kwa sehemu, na kipimo chake si cha gharama kubwa kama watu wanavyodhani.

Kuchemsha nako hakuna kanuni moja. Tanini na flavonoidi nyingi huvumilia moto, mafuta yenye harufu huondoka na mvuke, na ziko kemikali zinazovunjika kabisa. Mwanasayansi wa China, Tu Youyou, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa dawa ya malaria ya artemisinini, alikwama kwa kuwa joto lilikuwa likiiharibu dawa, mpaka aliposoma katika maandiko ya kale ya tiba ya kwao kwamba mmea ule ulilowekwa katika maji na kukamuliwa. Akatumia etha, inayochemka kwa joto dogo, na dawa ikapatikana. Kwa hiyo kama babu yako alisema mti fulani usipelekwe motoni, liandike neno hilo kama alivyolisema, pamoja na jina la mti kwa lugha ya kwenu.

Taasisi ya Tiba Asili katika Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili ilianza kama kitengo cha utafiti mwaka 1974, na kazi zake nyingi zimefanywa pamoja na waganga. Ukiwaendea wao, au chuo chochote, dai makubaliano ya maandishi kabla hujaonyesha mti: jina lako litatajwa wapi, nani atamiliki kitakachogunduliwa, na matokeo utaletewa kwa lugha gani. Nenda na tawi lenye maua, gome na majani kila kimoja katika mfuko wake wa karatasi, si wa plastiki, maana plastiki hukusanya unyevu na kufikia Morogoro tu majani huwa yameota ukungu.